Kamba Si Kifungashio

Nimestaafu, lakini simu yangu haijastaafu. Hazipiti siku tatu kabla kijana mmoja wa huku kwetu Kihonda hajaniandikia: "Shikamoo mama. Nasikia ulikuwa unauza sarafu za zamani mtandaoni. Ule mpango wa lile soko wa kusafirisha nje, nijiunge au niache?" Marahaba. Acha. Jibu langu ndilo hilo, na wenye soko wakitaka kununa wanune, kwani duka langu walishalifunga na hawana kingine cha kunifungia. Ila najua kizazi chenu hakimezi neno bila sababu, na hapo siwalaumu. Basi kaeni niwaeleze mara moja, tusisumbuane tena.

Kwanza mjue kwamba mimi si mtu wa kompyuta. Mimi ni mfungaji wa vifurushi. Baba alitoka Njombe akaja kukata miwa, nikazaliwa kwenye kambi ya shamba la sukari, na nilipomaliza shule nikapata kazi mjini Morogoro kwenye kaunta ya vifurushi ya posta. Aliyenifundisha kazi ni Mzee Kobero, Mluguru wa Mgeta, mfupi, mkali, mwenye vidole vya fundi cherehani. Siku ya kwanza alinipa boksi nilifunge. Nikafunga kwa kamba, nikapiga hatua nyuma nijitazame kama bibi harusi. Mzee akalichukua, akalitikisa karibu na sikio, likalia chakachaka.

"Binti, mzigo wako unaongea," akasema. "Mzigo unaoongea njiani unamwita mwizi."

Akanifungulia kazi yote nianze upya. Nilirudia mara nne siku hiyo. Kisha akanifundisha kushona: kifurushi cha thamani kinavikwa kitambaa cha marekani, kinashonwa kwa sindano kubwa, mishono midogo iliyobanana, na fundo la mwisho linapigwa lakiri nyekundu, ile nta ya mhuri. Nikanung'unika kwamba hiyo ni kazi ya kushona mito. "Mwanamke unashona foronya za nyumba nzima, kifurushi kimoja kinakushinda?" Nilishona kwa hasira. Baadaye nilishona kwa kupenda, na siku alipostaafu, Mzee Kobero aliniachia sindano yake. Ninayo hadi leo, na hakuna kifurushi nilichokishona kwa mkono wangu kilichowahi kufunguliwa njiani, isipokuwa kimoja. Hicho ndicho nitakachowaeleza.

Sarafu zilinijia baadaye, kaunta ilipopunguza watu. Nilikuwa nanunua pilipili manga na mdalasini kwa akina mama wa milimani na kuuza mjini, na wao ndio walioanza kunionyesha sarafu kuukuu zilizolala kwenye vibuyu na chini ya magodoro. Mkwe wangu akanifungulia duka kwenye soko moja kubwa la mtandaoni la huko nje, akanifundisha kupiga picha na kujibu wateja. Kiingereza changu ni cha shule, lakini sarafu haihitaji maneno mengi.

Kosa langu la kwanza nililifanya kwa adabu. Mimi nimelelewa kwamba mgeni hapelekewi kitu kichafu. Nilipouza shilingi ya kikoloni yenye simba kwa mzee mmoja wa Uingereza, niliona aibu kumpelekea ilivyokuwa nyeusi. Nikaisugua kwa ndimu na majivu mpaka simba akang'aa meno. Yule mzee akaniandikia: "Mama, nilinunua umri wake, nawe umeufuta." Nililia, kisha nikacheka, na tangu hapo ndimu zangu ni za samaki tu.

Mengine nilijifunza kwa mikono. Sarafu moja inalala katikati ya vipande viwili vya kadi, vinabanwa kwa utepe wa gundi pembeni, sarafu yenyewe isiguse gundi. Ukimaliza itikise sikioni. Kwenye fomu ya forodha andika ukweli mfupi: sarafu kuukuu za ukusanyaji, hazitumiki tena. Ukiandika "fedha" umejichongea, maana nchi nyingi hazitaki fedha ipite kwenye barua, nawe utaeleza mpaka uchoke. Mnunuzi akichukua sarafu nne, zote nne zinaingia bahasha moja, rejesta moja, nauli moja. Na anwani ya mtu niliiandika mwenyewe kwa kalamu. Niliwajua wateja wangu kwa mitaa yao. Kulikuwa na mama mmoja wa Ureno ambaye jina la mtaa wake lilijaza mistari miwili, nami nikilimaliza nilihisi nimefika kwake.

Ndipo soko likaleta mpango. Kwa maneno yao ulikuwa mtamu kama muwa: wewe muuzaji peleka mzigo kwenye ghala letu Dar es Salaam, mengine tuachie. Sisi tutaufikisha ng'ambo, tutalipa ushuru kwa niaba ya mnunuzi, na ukipotea baada ya ghala si juu yako. Ukijiunga unapata alama ya kijani kwenye duka lako. Usipojiunga, bidhaa zako zinasukumwa chini huko ambako hakuna mtu anayetazama.

Nilijiunga. Sitawaficha. Magoti yalikuwa yananiuma, foleni ilikuwa ndefu, na ile alama ya kijani ilinipendeza. Mzee Kobero alikuwa ameshafariki, vinginevyo ningesikia maneno.

Mwezi wa kwanza tu nikaanza kuona. Mama wa Ureno alinunua sarafu nne za senti tano za mkoloni, ambazo moja haifiki bei ya sahani ya wali maharage. Mpango ukamtoza nauli nne, kwa sababu kwao kila kitu kilichonunuliwa ni mzigo peke yake, na juu ya kila nauli wakaweka makadirio ya ushuru na ada ya kuyakadiria. Nauli ilizidi sarafu kama mkia unaomzidi mbwa. Nikaandika niwaombe waunganishe, wakanijibu kwamba mfumo hauruhusu. Mama akaniaga kwa upole na sikumwona tena dukani. Na mnunuzi mpya hata ningetaka kumwandikia nisingeweza, kwa sababu ndani ya mpango anwani ya mnunuzi inafichwa. Unaandika anwani ya ghala, kila siku anwani ya ghala, unajiona unamuuzia ukuta.

Hayo ningeweza kuyavumilia kama wengi wanavyoyavumilia. Sasa sikilizeni habari ya Bibi Mwanahawa.

Bibi Mwanahawa anaishi Kinole, mlimani, na pilipili manga yake nilikuwa nainunua tangu zamani. Siku moja nimefika, nimemsalimu, akaniuliza, "Marahaba. Umekuja kununua au umekuja kunitazama nilivyozeeka?" Kabla sijajibu akaingia ndani, akatoka na kamba ya katani iliyotungwa senti kumi za zamani, zile zenye tundu katikati. Ilikuwa ndefu, ukiivaa inafika kitovuni.

Kamba ile aliitunga mama yake. Kila wakiuza kahawa, mama alitunga sarafu moja. Kila akijifungua, alipiga fundo. Kulikuwa na mafundo tisa. Bibi Mwanahawa alinishika kidole akakiweka juu ya fundo la tatu. "Mimi huyu," akasema. Fundo la tano lilikuwa limerudiwa mara mbili, nene. Mtoto yule hakuishi. Kati ya fundo la sita na la saba sarafu zilikuwa mbili tu, maana miaka ile mvua ilileta maporomoko na kahawa ikaenda na udongo. Mama yule hakujua kusoma wala kuandika, lakini maisha yake yote yalikuwa pale, na bintiye aliyasoma kwa vidole.

Nikamuuliza kwa nini basi anataka kuiuza. Akanionyesha paa la jiko. Mjukuu wake ni fundi bati, kijana mzima mwenye ndevu, na alipoishiwa washa, vile vibati vya tundu vya kuwekea misumari, alichomoa sarafu tatu kutoka mwisho wa kamba akazigongomea juu. "Ananiambia, 'Bibi, si zina tundu tayari?'" Akasonya. "Sina binti, Salome. Kwetu kitu cha mama kinakwenda kwa binti. Nikifa leo, mama yangu anaishia juu ya jiko. Mtafutie mtu atakayemweka mzima. Lakini isikatwe. Wewe usiikate, na huyo mtu asiikate. Niapie."

Niliapa. Nilimwapia bibi wa Kiislamu kwa kuweka mkono kwenye msalaba wangu, naye akasema hiyo inatosha, Mungu ni yule yule.

Sarafu zenyewe ni za bei ya karanga, ziko nyingi duniani. Kamba ndiyo iliyozifanya kuwa kitu. Nilipiga picha fundo kwa fundo, nikaandika habari yake, na mstaafu mmoja wa reli huko Uholanzi, Bwana Pieter, akainunua na kuniandikia kwamba ataining'iniza nzima kama ilivyo. Bibi akapata fedha zake, akanunua godoro. Nami nikaketi kufunga kifurushi kizuri kuliko vyote nilivyowahi kufunga. Nikaizungusha kamba juu ya kitambaa laini, nikaweka kitambaa kingine, nikavika marekani, nikashona kwa sindano ya Mzee Kobero mishono iliyobanana hata wembe usipenye. Sikioni kilikuwa kimya kabisa. Ndani niliweka karatasi yenye salamu na namba ya sanduku langu la posta, mazoea ya kaunta. Kisha nikakipeleka kwenye mpango.

Mwezi na nusu baadaye Bwana Pieter akanitumia ujumbe. "Sarafu zimefika kwenye mfuko wa plastiki. Kamba iko wapi?"

Nilipiga simu ghalani. Nilisubiri muziki wao mpaka nikaukariri, ndipo akapokea binti mmoja mwenye sauti ya adabu. Akasoma kwenye kompyuta yake. Mashine ya eksirei iliona mkufu, fomu yangu ilisema sarafu, kwa hiyo ilibidi wafungue wakague.

"Mlifunguaje?" nikauliza.

"Kulikuwa na kitambaa kimeshonwa sana, mama. Walitumia mkasi."

Hapo nikaelewa. Mkasi uliopita kwenye marekani yangu ulipita na katani. Mishono yangu iliyobanana ndiyo iliyowapa kazi ya kukata. Mzee Kobero alinifundisha kufunga kwa njia ambayo kifurushi hakifunguliwi mpaka kifike kwa mwenyewe. Mimi nikauchukua ufungaji huo nikaupeleka kwenye njia ambayo kila mtu anafungua. Lile kosa lilikuwa langu, na nawaambia mlisikie kutoka kinywani mwangu.

"Lakini mama usijali," binti akaendelea, "sarafu zimetimia zote. Hakuna upungufu."

"Na kamba?"

"Kamba ni kifungashio, mama. Vifungashio huwa tunavitupa tunapofunga upya."

"Mwanangu, na kitovu ulichozaliwa nacho, nacho kilikuwa kifungashio?"

Simlaumu, alikuwa anasoma kilichoandikwa. Akanieleza kwamba mnunuzi atarudishiwa fedha yake yote, mimi nitabaki na ya kwangu, sarafu hazirudi kwa sababu ndani ya mpango hakuna njia ya kurudi, na kilichobaki ni mimi kubonyeza neno "Nimeridhika" ili faili lifungwe. Walidhani nalilia fedha. Wakanitumia ule ujumbe wa kubonyeza mara nane, na mara nane sikubonyeza. Mkwe wangu akaniambia, "Mama, bonyeza tu yaishe." Nikamwambia simu ni yangu na kidole ni changu.

Kumbe Bwana Pieter naye hakubonyeza. Alikuwa ameiona karatasi yangu kwenye ule mfuko wa plastiki, na wiki chache baadaye kwenye sanduku langu la posta nikakuta kifurushi kutoka Uholanzi, rejesta, stempu kabisa. Sarafu zote. Na barua: "Hizi si zangu mpaka mwenye kamba aseme. Nimekataa fedha yao. Mrudishie."

Ningeweza kukaa nazo. Bibi Mwanahawa asingejua kamwe, Kinole haina habari za Uholanzi. Niliwaza hivyo kwa siku mbili, sitawadanganya, maana nilimwogopa yule bibi kuliko nilivyomwogopa mwenye soko. Siku ya tatu nikapanda. Mvua ilikuwa imenyesha, pikipiki ikagoma kwenye utelezi, nikamalizia kwa miguu na magoti yangu yale yale, nikafika nimejaa tope mpaka kiunoni. Nikamsalimu, nikaweka mfuko wa plastiki mbele yake, nikasema yote. Nilisema mkasi, nikasema mishono yangu, nikasema niliapa na kiapo kikanishinda. Nililia mbele yake, mtu mzima na mvi zangu.

Bibi Mwanahawa aliutazama mfuko. Kisha akainuka, akaingia ndani, akatoka na nyuzi za katani. Akaketi, akavuta khanga juu ya goti, akaanza kuzisokota kwenye paja kwa kiganja, polepole, mpaka kamba ikaanza kukua mbele yangu. Akatunga. Alipofika mahali akapiga fundo, akataja jina la kaka yake mkubwa. Akatunga tena. Nilitoa simu kimyakimya nikafungua zile picha nilizopiga, nikawa nalinganisha. Fundo la tatu akajitaja mwenyewe. Fundo la tano akalirudia mara mbili. Baada ya la sita akatunga sarafu mbili tu. Picha na vidole vyake havikupishana hata sarafu moja. Wao walidhani wameikata, kumbe walikata katani.

Alipomaliza la tisa hakufunga mwisho wa kamba. Akanyoosha mkono. "Una ya kwako?"

Kwenye pochi yangu nilikuwa na sarafu moja ya senti kumi yenye tundu, ya bahati, niliyopewa na Mzee Kobero. Nikampa. Akaitunga, akapiga fundo juu yake, akalivuta kwa meno.

"Hili ni la nini, bibi?"

"Ungekaa kimya mjini ningekufa sijui. Binti ndiye anayerudi kusema." Akanitupia kamba mapajani. "Basi na wewe umo. Ikikatwa tena ukatwe na wewe. Mpelekee huyo mzee wako. Aliyeirudisha ndiye anayeijua."

Safari hii sikushona. Sindano ya Mzee Kobero niliiacha kwenye kopo lake, anisamehe. Nilitafuta mkebe wa biskuti wenye kifuniko cha kufungua kwa mkono, nikailaza kamba ndani, na juu yake nikaweka picha yake na maneno makubwa: SARAFU KUUKUU ZILIZOTUNGWA. UNARUHUSIWA KUFUNGUA. USIKATE. Niliandika kwa Kiswahili na kwa kile Kiingereza changu. Nikapanga foleni kaunta yangu ya zamani na magoti yangu, nikaandika kwa kalamu anwani ya Bwana Pieter iliyokuwa kwenye kifurushi chake, mtaa na namba ya nyumba, nikalipa nauli moja.

Sijui mwenye soko alijuaje, lakini akaniandikia kwamba kuwasiliana na mnunuzi na kumtumia mzigo nje ya mpango ni kuvunja masharti, na kwamba nikiri kosa ndani ya siku saba la sivyo duka litafungwa. Nilikuwa nimekiri makosa yangu yote Kinole, sikubaki na la kuwakiria wao. Wakalifunga, na alama yao ya kijani. Nyinyi mnaosema huwezi kuuza bila wao, mimi wateja wangu saba waliobaki waliniandikia kwa sanduku la posta mpaka nilipoacha kazi kwa hiari yangu.

Baada ya wiki tano ikaja barua ya Uholanzi na picha ndani yake. Kamba imening'inia ukutani, nzima, dirishani kuna mvua. Bwana Pieter aliandika mstari mmoja tu: "Dukani uliniambia mafundo tisa, mimi nahesabu kumi. La kumi ni la nani?"

Nilinunua stempu, nikamjibu kwamba la kumi ni mimi.